Nalipwa Nisiamke

4 Machi

Ndiyo, ni mimi. Yule wa kitanda cha nne. Na hapana, hawanichomi sindano ya usingizi. Nalala mwenyewe kwa akili zangu timamu, na nikifumbua jicho kamera ikiwa wazi napigiwa kelele mpaka sikio linajikunja. Kila anayenifahamu ananiuliza swali hilo hilo, basi nimelijibu hapa, nisirudie tena.

Naandika kwa sababu maneno yamenijaa. Mimi ni mtu wa barabarani. Jua likiwaka nauza miwani, mvua ikinyesha nauza miavuli, hali ya hewa ikikosa msimamo namuuzia mteja mmoja vyote viwili. Shule niliiacha mapema, mwalimu alisema naongea kuliko yeye na mshahara anachukua yeye. Sasa mtu kama huyo wamemchukua, wamemvalisha gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, wakamwambia: lala, nyamaza, usitikisike. Kutwa nzima. Jioni nikifika nyumbani mke wangu ananikimbia, maana namwaga ya siku nzima kwa mkupuo. Ndiyo akanipa daftari. "Mwambie huyu," akasema. "Huyu hachoki."

Kipindi kinaitwa Wodi. Kama hukijui, basi unaishi chini ya kisima. Sasa kiko msimu wa kumi na moja, watoto waliozaliwa kilipoanza siku hizi wanaandikiana barua za mapenzi. Lakini msimu huu ndio umeshika mji mzima. Mtu asiyejulikana kaokotwa barabarani, hana kitambulisho, hana fahamu, kalazwa kitanda cha nne. Kila kipindi kikiisha kamera inamsogelea usoni. Ataamka? Anamjua aliyemgonga? Watu wanagombana kwenye foleni kwa ajili yake.

Mtu mwenyewe ndiye mimi. Mwongozaji alinikuta nimesinzia juu ya miavuli yangu getini kwao, akasimama, akaniangalia, akasema, "Huu uso unalala vizuri." Nikaajiriwa kwa kusinzia kazini. Tafuta mwingine duniani.

6 Machi

Leo nimelala.

9 Machi

Nikutambulishe watu, ni wachache. Mwongozaji tunamwita Kimya, kwa sababu ndilo neno lake, analipiga kama kengele: "Kimyaaa!" Mtu mzuri, ananiletea chai mwenyewe. Kuna Daktari, yule mwanamke mnayempenda wote. Miaka kumi na moja anapasua watu kwenye tivii, na jana alijikata kidole kwa karatasi akaomba kiti. Halafu kuna Sista. Huyu ndiye peke yake wa kweli. Alikuwa muuguzi mpaka akastaafu, wamemweka awasahihishe. Ana miwani ya kamba, na kazi yake ni kuharibu siku za watu.

Leo kasimamisha kila kitu kwa sababu dripu yangu ilibandikwa kichwa chini. Kisha akaniinamia.

"Wewe mbona unahema hivyo?"

"Naigiza, Sista."

"Mtu asiye na fahamu hahemi kama aliyebeba kabati."

"Nimepanda ngazi."

Akatazama ngazi. Ni vidaraja vitatu, paka mjamzito anavipanda akilamba makucha. Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini kifua kiliendelea kwenda juu na chini peke yake, kama si changu.

12 Machi

Mvua. Studio yetu zamani ilikuwa ghala, paa la mabati, ikinyesha husikii hata mawazo yako. Kazi inasimama, tunangoja. Nikatoka getini na gauni langu na bandeji kichwani nikauza miavuli. Mama mmoja alinitambua akapiga ukelele, "Jamani, kaamka!" Nikamwambia, "Bado, mama, nimetoka kidogo kutafuta matumizi."

13 Machi

Nimelala.

17 Machi

Mama mkwe kaja kututembelea. Huyu mama tangu nimwoe bintiye ananiita Redio. Hakuwahi kuniangalia usoni zaidi ya kunipa chumvi. Jana kakaa mbele ya tivii, kipindi kikaanza, kamera ikanijia pale nilipolala na mashine yangu, na mama mkwe akatoa leso akalia. Mimi nimekaa kiti cha pembeni yake, mzima, nakula.

"Mama, mimi huyu hapa."

"Nyamaza, namtazama mwanangu."

"Mwanao ndiyo mimi."

"Huyu ana adabu," akasema, anaonyesha tivii kwa kidole. "Huyu hajibu."

Mke wangu alicheka mpaka akatoka nje.

Usiku nilishindwa kulala chali. Nikaongeza mto. Mke wangu akauliza, nikamwambia mgongo, godoro la kazini ni bovu.

20 Machi

Niandike bila kuzunguka, kwa vile hapa hakuna wa kunisikia. Naogopa.

Nikilala chali, kinakuja kitu. Hakiumi, na hilo ndilo linanitisha, kingeuma ningejua ni nini. Ni kama mtu mnene asiye na haraka amekuja kunikalia kifuani. Anakaa taratibu, anajiweka sawa, anasubiri. Nikiinuka anaondoka. Nikirudi chini, anarudi. Sasa niambie, mtu anayelipwa alale chali, mwili umekataa chali, ataishi wapi?

Nilimwomba Kimya mto wa pili. Akasema uso utaingia kivuli. "Vumilia, ndugu yangu. Wewe ndiye msimu huu." Akanipigapiga begani, na kwa kweli nilifurahi. Nani mwingine kawahi kuniambia mimi ndiye msimu?

Ningewaambia, lakini msimu uliopita yule aliyekuwa mlinzi wa mlango wa wodi aliugua mguu. Kesho yake kwenye hadithi tukaambiwa mlinzi kahamishwa, na mlinzi mpya alikuwa kashavaa sare, inambana. Na huyo alikuwa anaonekana uso. Mimi nina bandeji mpaka kwenye nyusi na barakoa ya oksijeni mpaka kidevuni. Kinachoonekana ni pua. Mji huu una pua ngapi?

24 Machi

Nimelala. Nyumbani mito mitatu. Mke wangu kasema nikiongeza wa nne atanitafutia kiti cha enzi.

28 Machi

Mvua kila siku sasa. Tunangoja, ikikatika tunakimbizana, nalazwa, inaanza tena. Kila nikilazwa, mnene anakuja.

Na kuna jipya. Moyo. Zamani sikujua kama ninao, ulikuwa unafanya kazi zake, hatusumbuani. Sasa nausikia. Unakwenda kama mlevi anayerudi kwake: hatua mbili, anajikwaa, anapiga mbio, anasimama kutafuta funguo. Pale anaposimama nami nasimama. Nasubiri. Natazama dari ndani ya kope zangu nasema, haya baba, funguo ziko mfukoni, endelea.

2 Aprili

Sista kanishika. Nilikuwa nyuma ya jukwaa nimeegemea ukuta, nasubiri pumzi. Akaunyakua mkono wangu, akaweka vidole, akatazama ukutani. Nikaanza utani, akanikaripia kwa macho. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka utani wote ukanikauka mdomoni.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Mwanangu, mimi nimeshika mikono ya watu kabla hujazaliwa. Nenda hospitali."

"Si tuko hospitali, Sista? Tazama vitanda."

Hakucheka. "Mzaha mzaha hutunga usaha," akasema. "Nenda ya kweli. Leo."

Nikamsihi. Nikamwambia zimebaki siku chache tu msimu uishe, nikitoka sasa ataingia mwenye pua nyingine, na nyumbani kwangu kwa mara ya kwanza mama mkwe ananiita mwanangu, ingawa ni yule wa kwenye tivii. Nikamshika mpaka kitambaa cha nguo. Akasema atanyamaza hadi Jumatatu, baada ya hapo anamwambia Kimya mwenyewe.

Nimemchukia huyu mama. Naandika hivi nimekaa wima kitandani, mke wangu kalala, na nimemchukia kama mtu aliyenipora.

3 Aprili

Nimelala. Sista hakuondoa macho.

5 Aprili
(Nimeandika siku kadhaa baadaye. Mkono ulikuwa na dripu ya kweli. Ile ya kweli inauma, kule walikuwa wanabandika kwa plasta tu.)

Hii siku ilikuwa ya lile tukio kubwa, Daktari anabaki peke yake na mgonjwa, anamshika mkono, anamsihi aamke. Kimya hakulala wiki nzima kwa ajili yake. Siku zote ile skrini ya mapigo juu ya kichwa changu inaonyesha picha iliyorekodiwa, mstari wa kijani unajirudia kama mkanda wa harusi. Safari hii Kimya alitaka wa kweli. Kakodi mashine inayofanya kazi. "Nataka watu wauone moyo wa huyu mtu," akasema. Fundi akanibandika nyaya kifuani. Sista hakuwepo, mvua ilikuwa imemkwamisha njiani, na mvua ilipokatika Kimya akasema hatungoji mtu, tuwahi kabla haijarudi.

Nikalazwa. Mto mwembamba. Kimyaaa.

Nikasikia mashine. Wewe hujui ni nini kusikia moyo wako unapigiwa tarumbeta mbele za watu. Mlevi wangu alikuwa amepewa kipaza sauti. Ti, ti. Tititi. Pengo refu. Ti. Nikamsikia fundi ananong'ona, "Umeifanyaje hiyo?" na Kimya akajibu, "Sijaifanya kitu. Safi sana. Usiiguse."

Daktari akaanza maneno yake. Akakosea, tukarudia. Taa ikazima, tukarudia. Kila tunaporudia mimi niko chini palepale, chali, na mnene kashakuja, na safari hii hakukaa tu, alianza kujilaza. Nikawa nazama. Sijui neno lingine. Nimelala kwenye godoro kavu, chini ya paa, kati ya watu, nazama. Hewa ipo, naisikia inapita puani, lakini inafika mahali inakuta maji.

Najua utasema, mbona hukunyanyua mkono? Nami nimejiuliza. Niliwaza: bado kidogo atamaliza. Niliwaza: nikiharibu hili tutarudia, na kurudia siwezi. Hata nikifa, niliwaza, nisiharibu. Woga wa kazi ulikuwa mkubwa kuliko woga wa kifo. Ukitaka kujua mtu maskini ni nani, ni huyo.

Halafu mwili ukaacha kuniuliza. Nikakurupuka nikakaa, barakoa ikaruka, macho yametoka, nakohoa.

Na Daktari, ambaye Mungu ampe heri, ana kipaji, akapiga ukelele: "Ameamka!" Machozi mashavuni. Akanikumbatia. Kwenye hadithi mgonjwa haamki siku ile, lakini walishazoea mzaha wangu, wakadhani nimeshindwa kuvumilia, nimeamua kujiamsha mwenyewe. Kimya alikuwa na visikizi masikioni. Nilimwona. Kwanza alikunja uso, halafu uso ukafunguka kama wa mtoto, akazungusha mkono hewani: endeleeni, endeleeni, msikate!

Wakaja wote. Wenye makoti meupe, wenye vipimo shingoni, wanakimbia kama walivyozoea. Madaktari chumba kizima na hakuna hata mmoja daktari. Mmoja, jamaa mkubwa anayeigiza mpasuaji, akanishika mabega kwa upole akaanza kunirudisha chini. "Tulia, ndugu, lala, uko salama." Ananilaza. Chali. Nikampigania kwa kucha. Sauti haikutoka. Nikakohoa kifuani kwake na koti lake jeupe likapata povu jekundu, jepesi, kama la sabuni, na nikamsikia yule dada wa vipodozi anauliza nyuma ya kamera, "Nani kampa damu? Mimi sikumpa damu."

Mtu mzima analia ndani kwa ndani kwamba anakufa, na wanaomzunguka wanamsifu.

Kisha mlango wa bati ukagonga, na Sista akaingia, amelowa chapachapa, mkoba ungali begani. Alitazama skrini kabla ya kunitazama mimi. "Huyu haigizi!" Sijawahi kusikia sauti kama ile. "Mwacheni! Muinueni akae! Miguu ishuke chini!" Yule mpasuaji akaniachia kama nimekuwa moto. Sista akanikalisha ukingoni mwa kitanda, mgongo wangu kifuani kwake, maji ya nguo zake yananipita. "Oksijeni," akasema. Wakausogeza ule mtungi mkubwa, wakafungua. Haukutoa kitu. Ulikuwa mtupu. Misimu kumi na moja mtupu, ulinunuliwa uonekane.

"Gari la wagonjwa," akasema Sista. Wakatazamana. Lile la Wodi lina king'ora na taa, injini halina.

Nilipelekwa na lori la vyombo, nimekaa wima kati ya mataa, Sista kanishikilia nyuma, Kimya mbele anampigia dereva kelele na visikizi bado viko shingoni. Alikuwa anasema kitu kimoja tu njia nzima. "Nilisema endeleeni. Nilisema endeleeni."

9 Aprili

Hospitali ya kweli haina muziki. Hakuna anayekimbia. Wanatembea kwa viatu laini, na wanapoongeza mwendo kidogo tu, wodi nzima tunanyanyua vichwa.

Daktari wa kweli ni kijana, sauti ndogo, unamsogelea ili umsikie. Akavuta kiti akakaa. Kwenye Wodi daktari akikaa kando ya kitanda chako ujue kipindi kinachofuata haupo, kwa hiyo nilianza kusali hata kabla hajafungua mdomo. Akanichorea. Moyo una milango. Wangu mmoja umekakamaa, haufunguki vizuri, damu inasongamana, inarudi nyuma mapafuni, na nikilala chali ndiyo nazama kwelikweli, si kwa mfano. Akasema huanzia utotoni, homa na koo lililoachwa bila dawa. Unao miaka yote na hujui.

"Dawa zitakutuliza. Lakini mlango lazima tuubadilishe."

"Mtaingiaje?"

Akajionyesha kifuani, katikati, juu mpaka chini.

"Na moyo wakati huo unafanya nini?"

"Tunausimamisha. Mashine inafanya kazi yake, kisha tunauwasha."

"Hiyo mashine, daktari, siyo ya kukodi?"

Hakucheka. Akaenda zake. Alipofika mlangoni ndipo nikaona mabega yanatikisika. Nikapenda alivyochelewa, ina maana maneno yangu aliondoka nayo.

Tunausimamisha. Nimelisema neno hilo taratibu leo mara nyingi. Halizoeleki.

12 Aprili

Mke wangu hakunigombeza siku za kwanza. Leo nimekaa vizuri, nimenyolewa, akaona sasa naweza kugombezwa.

"Uliniambia ni mgongo."

"Mama watoto..."

"Mimi nakupangia mito. Kila jioni nakupangia mito, nacheka, nakuita mfalme. Kumbe nampangia mtu anayekufa."

"Sikutaka uogope."

"Nani kakuambia woga wangu ni wako wa kunigawia? Mimi sina mgao?"

Akatazama nje, mvua inanyesha kwenye kioo, akasema kwa sauti ya chini, "Unawachekesha watu wote, mimi ndiyo unanidanganya." Nikamshika mkono, akauacha ushikwe, lakini hakuuhamisha kuja kwangu.

Mama mkwe alikuwepo. Alikaa miguuni kwangu kutwa, ananisugua nyayo, maana zinapoa. Hakuniita Redio. Mwisho akasema, "Sema basi kitu." Nikamwambia sina. Akaanza kulia. "Sema upuuzi wako wowote, baba."

15 Aprili

Wodini kuna tivii ukutani. Jana wakaonyesha Wodi, ya siku nilipokuwa bado mzima, au nilipodhani. Wagonjwa wote na dripu zao wananitazama kule juu, halafu wanageuka wananitazama hapa chini. Mzee wa kitanda jirani, fundi cherehani, kapasuliwa tumbo, akaniambia, "Wewe kijana, kule uko cha nne, hapa umepewa cha sita. Umepanda cheo au umeshuka?"

"Inategemea nani anatoka kwanza, mzee."

Alicheka akashika mshono. Lakini muuguzi alipozima taa akaninong'oneza kwa uzito: "Usituchezee. Humu tunakutegemea. Ukiamka kule, watu humu watalala."

Nilijifunika, nikakumbuka siwezi kulala, nikajifunua.

16 Aprili

Leo nimekaa.

18 Aprili

Nimekaa. Sista kaja na machungwa. Nilimwambia niliwahi kumchukia. Akasema anajua, alikuwa anaona, na yeye pia alijichukia kunipa hadi Jumatatu. "Ningekuburuta siku ileile," akasema. "Nilizeeka kwenye ile studio. Nilianza kuzoea wagonjwa wanaosimama wakaenda kula." Akamenya chungwa lote, akasahau kunipa, akala mwenyewe.

20 Aprili

Kimya kaja. Kakonda. Alisimama miguuni mwa kitanda kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Nilikusikia masikioni," akasema. "Visikizi vinaleta kila kitu, hata kumeza mate. Nilisikia unavyovuta hewa, nikasema, huyu mtu ni mwigizaji mkubwa mno."

"Ni kweli lakini," nikamwambia. "Nilijitahidi."

Akafunika uso. Nikaona ile picha niliyokuwa nayo ya bosi mwenye mji mkononi mwake ni picha tu, nyuma yake kuna jamaa anayeogopa kama mimi.

Kilichomleta ni hiki. Msimu lazima uishe, na ile picha ya kuamka anayo. Hajawahi kupiga picha kama ile na hataipiga tena. Ametengeneza miisho miwili. Mmoja, mgonjwa anaamka, anashikwa mkono, basi. Wa pili, anaamka, anamtazama Daktari, halafu mstari unanyooka, anafunikwa shuka. Chini ya shuka walimlaza mtu mwingine, kanionyesha kwenye simu, miguu yake mirefu inatokeza. Wakubwa wa kituo ndio watakaochagua, na watachagua dakika za mwisho ili siri isivuje. Kitarushwa Alhamisi jioni. Mimi napasuliwa Alhamisi asubuhi.

"Bila ruhusa yako sirushi hata mmoja," akasema. "Na ukiniambia unataka upi, nitaupigania mpaka wanifukuze."

Nilifungua mdomo niseme nataka kuamka, nani hataki, nikaufunga tena. Niliogopa. Naweza kupewa moja tu, niliwaza. Nikiamka kule nitakuwa nimeshatumia. Ni upuuzi, najua, lakini uje ulale hapa ndipo uniambie upuuzi ni nini.

Mke wangu akamwambia, "Nipe nione." Wakatoka koridoni na ile simu. Walikaa. Aliporudi alikuwa amenawa uso, nywele za mbele zimelowa.

"Mwonyeshe kwenye tivii," akamwambia Kimya. "Ila ile sauti ya kukohoa uitoe. Weka muziki, weka mvua, weka unachotaka. Hiyo sauti ni yangu."

Kimya akainamisha kichwa. "Itatoka, shemeji."

"Na mwisho upi?" nikauliza mimi.

"Hilo waachie wao," akasema mke wangu. "Sisi tuna wetu."

Mama mkwe ndiye hakukubali. Kasema wakimuua, tivii anaitupa nje na waliomo ndani yake.

22 Aprili

Mvua imekatika. Jua kali, dirisha lote jeupe. Sijui kwa nini nimelichukia.

Wamenichora kifuani kwa kalamu, mstari mmoja. Kila nikijikuna nauona. Fundi cherehani akautazama kwa jicho la kazi akasema umenyooka, aliyeuchora anajua kukata.

23 Aprili

Ni kesho. Nimenyimwa chakula, nimeoga kwa sabuni ya dawa, nimetia sahihi kwamba nimeelewa. Sikuelewa. Nilielewa neno moja, lile la kusimamisha.

Nilimuuliza yule kijana, daktari, kama nitaota. Akasema hapana, hata muda hutausikia, utafumba na kufumbua. Nikamuuliza, wote wanafumbua? Hakukimbia swali. Akasema, "Wengi sana. Nami sijawahi kuuwasha moyo wa mtu mwenye kelele ukakataa." Najua kaitunga hapohapo. Nimeichukua hivyohivyo.

Ninachoogopa si maumivu. Miezi hii yote nimelala nimefumba macho huku nawasikia watu wote, nikijua nikitaka naweza kufumbua. Sasa nimetambua kazi ile yote ilikaa juu ya kitu kidogo hicho: nikitaka. Kesho nafumba bila hicho.

Mke wangu kaenda nyumbani kuwaona watoto, atarudi alfajiri. Alipoondoka alinikamata sikio kama mtoto wa shule akasema, "Wewe uniamkie. Sikusikii sababu." Halafu koridoni nikamsikia anakimbia, na yeye si mtu wa kukimbia.

Sasa wewe. Ndiyo, wewe uliyesoma mpaka hapa bure, njoo karibu tufanye biashara. Nina woga, mwingi, mzima, hauna kasoro, na kule ndani wamesema hakuna kuingia na kitu, hata pete ya ndoa inavuliwa. Sikuuzii, nataka uniwekee tu. Alhamisi jioni utawasha tivii. Wakinifunika shuka, uogope wewe kwa niaba yangu, vizuri, mpaka mikono itetemeke, mimi nitakuwa sijui lolote. Wakiniamsha, furahi nusu, nusu nyingine ining'inie mpaka upate habari. Nikitoka, nitakuja kuuchukua mzigo wangu mwenyewe, kwa miguu yangu, hata kama umehama, na tutapatana ujira, mimi sipunji. Nisipokuja, usimpelekee mke wangu. Wake unamtosha.

Umekubali? Basi shika. Kwa mikono miwili, ni mzito.